UPI ya India: Malipo Yasiyo na Makato na Kanuni Zinazoyabeba

Mtu anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kwenda Chennai, Mumbai au New Delhi kwa matibabu, masomo au biashara huanza kuiona UPI, mfumo wa India wa kulipa kwa simu moja kwa moja kutoka akaunti ya benki, kabla hajazoea hata hali ya hewa ya huko. Msimbo wa QR umebandikwa kwenye kaunta ya duka la dawa, kwenye toroli la muuza matunda, nyuma ya kiti cha dereva wa bajaji na kwenye dirisha la mhasibu wa hospitali, na wauzaji wengi wadogo hawaweki tena chenji ya kutosha kwa kuwa wateja wao wameacha kutembea na noti. Wepesi huo umekwisha kusifiwa sana, na unastahili sifa. Tathmini hii inakusudia kwenda mbele kidogo, kwa sababu ninaamini kwamba ubora wa UPI, pamoja na kasoro zake karibu zote, unatokana na sheria, nyaraka za Benki Kuu na maamuzi ya mahakama, na kwamba mtumiaji asiyejua kanuni hizo anaijua nusu tu ya huduma anayoitumia.

UPI ilizinduliwa Aprili 2016, na programu za benki zilianza kuipokea Agosti mwaka huohuo. Mwendeshaji wake ni NPCI, kampuni isiyogawa faida iliyoundwa mwaka 2008 na kumilikiwa na benki, ikifanya kazi chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya India, RBI, kwa mujibu wa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2007. Tarehe 8 Novemba 2016 serikali ya Narendra Modi ilitangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zimekoma kuwa fedha halali, na katika wiki za foleni ndefu zilizofuata Wahindi wengi walipata sababu ya kujaribu njia ambayo pengine wangeipuuza kwa miaka kadhaa. Kufikia Agosti 2025 mfumo huo ulikuwa unapitisha zaidi ya miamala bilioni 20 kwa mwezi mmoja.

Sisi tuliolelewa na M-Pesa na ndugu zake tunahitaji kubadili kidogo namna ya kufikiri ili kuielewa. Katika pesa kwa simu tuliyoizoea, mteja humkabidhi wakala fedha taslimu, kampuni ya simu huandika salio lake, na salio hilo ndilo linalotumika. Katika UPI fedha hubaki katika akaunti ya benki ya mteja mpaka sekunde ile anapolipa, na programu anayoishika mkononi, iwe PhonePe, Google Pay au BHIM iliyotolewa na NPCI yenyewe mwezi Desemba 2016, ni mlango tu wa kuingilia. Kwa hiyo mwenye programu moja humlipa mwenye programu nyingine, na mwenye benki moja humlipa mwenye benki nyingine, bila yeyote kati yao kuulizwa yuko mtandao gani. Mfumo wa TIPS wa Benki Kuu ya Tanzania umejengwa kwa shabaha inayofanana na hiyo, ingawa kwetu kampuni za simu bado ndizo zenye wateja wengi na ndizo zinazopanga sehemu kubwa ya makato.

Kulipa kwenyewe hakuhitaji maelezo marefu. Mteja hufungua programu, huelekeza kamera kwenye msimbo, huandika kiasi, huweka namba ya siri, na kispika kidogo kilichowekwa kando ya mizani ya muuzaji hutangaza kwa sauti, kwa Kihindi, Kitamili au lugha nyingine ya mahali, kwamba kiasi fulani kimepokelewa. Kispika hicho nakihesabu kuwa sehemu bora ya huduma nzima, kwa kuwa kinamwondolea muuzaji taabu ya kuikagua simu ya mteja na kufuta mikono yenye mafuta kila mara ili asome ujumbe, na kinafunga mlango kwa yule anayeonyesha picha ya muamala wa jana.

Jambo la pili linalomfurahisha mtumiaji ni kwamba hakatwi chochote, na hili limeandikwa katika sheria. Kuanzia tarehe 1 Januari 2020, kifungu cha 10A cha Sheria ya Mifumo ya Malipo, kikisomwa pamoja na kifungu cha 269SU cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya wakati huo, kinakataza benki au mwendeshaji wa mfumo kumtoza mlipaji au mpokeaji ada yoyote kwa malipo ya UPI yanayotoka katika akaunti ya benki. Ipo milango michache ya pembeni: malipo yanayotoka katika kadi ya mkopo ya RuPay iliyounganishwa na UPI yana ada kwa upande wa mfanyabiashara, na tangu Aprili 2023 malipo yanayozidi rupia 2,000 kutoka katika pochi ya kielektroniki, inayojazwa fedha kabla ya kulipia, huweza kuwa na ada ya hadi asilimia 1.1 inayobebwa na upande huohuo. Mnunuzi wa kawaida haoni lolote kati ya hayo. Kwa msomaji wa Tanzania anayekumbuka tozo za miamala za Julai 2021, jinsi zilivyopunguzwa kwa awamu na jinsi watu walivyorudi kubeba noti mifukoni, kuishi katika nchi ambako Bunge limekataza makato badala ya kuyaongeza kunashangaza kidogo.

Hata hivyo, huduma isiyolipiwa na mtumiaji inalipiwa na mtu mwingine. Seva, wahandisi, mapambano dhidi ya wizi na vituo vya kupokea malalamiko vina gharama, na benki pamoja na kampuni za programu zimekuwa zikisema hivyo kwa miaka mingi. Serikali huziba sehemu ya pengo kwa ruzuku: mwezi Machi 2025 Baraza la Mawaziri lilipitisha rupia bilioni 15 kwa mwaka wa fedha wa 2024/25, zikigawiwa kwa kiwango cha asilimia 0.15 ya malipo yasiyozidi rupia 2,000 yanayokwenda kwa wafanyabiashara wadogo. Mwezi Juni 2025 uvumi ulipoenea kwamba ada ingerudishwa kwenye malipo makubwa, Wizara ya Fedha iliukanusha. Mwezi uliofuata Gavana wa RBI, Sanjay Malhotra, akasema hadharani kwamba gharama za mfumo lazima zilipwe na mtu fulani. Ninaona Gavana ana hoja. Sheria inayokataza ada bila kuonyesha chanzo cha kudumu cha fedha inaifanya huduma ya mamia ya mamilioni ya watu iusubiri uamuzi wa bajeti kila mwaka, na kampuni ambayo haiwezi kupata fedha kutokana na malipo itazitafuta kwingine, yaani katika matangazo, mikopo midogo na bima zinazochomoza kwenye kioo cha simu wakati mtu anataka tu kulipia chai.

Hayo ni kwa mwenyeji. Mgeni ana habari nyingine, na wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wageni. Kwa muda mrefu UPI ilihitaji akaunti ya benki ya India na namba ya simu ya India, na mgonjwa wa wiki tatu hana sababu wala nafasi ya kuvitafuta vyote viwili. Mwezi Februari 2023 RBI ilitoa waraka ulioruhusu wasafiri kupewa pochi ya rupia iliyounganishwa na UPI, ambayo hujulikana kwa jina la UPI One World. Wakati huo India ilikuwa mwenyekiti wa kundi la G20, na huduma ilianza kwa raia wa nchi za kundi hilo waliofika katika viwanja vya ndege vilivyochaguliwa, jambo lililomaanisha kwamba kwa Afrika yote ni raia wa Afrika Kusini peke yao waliostahili. Umoja wa Afrika ulikaribishwa rasmi kuwa mwanachama wa G20 Septemba mwaka huo, palepale New Delhi, na mwezi Julai 2024 NPCI ilitangaza kuifungua pochi hiyo kwa wasafiri wa mataifa mengine pia.

Waraka wa RBI ndio unaoeleza kwa nini pochi hiyo ni finyu kuliko UPI anayoitumia mwenyeji. Kwanza, mtoa huduma lazima aione pasipoti na viza kwa macho yake kabla ya kuitoa, kwa hiyo mtu hawezi kujisajili akiwa bado yuko nyumbani kwake Tanga au Kisumu. Pili, fedha huingizwa kwa kubadilisha fedha za kigeni, taslimu au kwa kadi, na hapo thamani ya ubadilishaji humla mgeni kimyakimya ingawa malipo yenyewe hayana makato. Tatu, salio haliwezi kuzidi kikomo cha pochi zilizohakikiwa kikamilifu, ambacho ni rupia laki mbili. Nne, na hili ndilo linalowasumbua watu zaidi mitaani, pochi inaruhusiwa kumlipa mfanyabiashara tu na hairuhusiwi kumtumia mtu binafsi fedha. Muuzaji wa nazi aliyejiandikisha kama biashara atalipwa bila shida. Dereva au mpishi wa nyumba ya wageni anayetumia msimbo wa akaunti yake binafsi hawezi kulipwa kwa pochi hiyo, na mgeni asiyeijua kanuni ataishia kuilaumu simu yake. Mtu aliyefuatana na mgonjwa naye hawezi kumtumia mwenzake aliye wodini rupia mia tano za chakula kwa njia hiyo.

Pana hitilafu nyingine inayowagusa wagonjwa moja kwa moja. Mwezi Desemba 2023 RBI ilipandisha kikomo cha malipo ya UPI kwa hospitali na vyuo hadi rupia laki tano kwa muamala mmoja, wakati kikomo cha kawaida ni laki moja. Raia wa India aliyelazwa chumba cha pili anaweza kukamilisha bili yake ya upasuaji kwa kugusa simu mara moja, lakini mgeni ambaye pochi yake haiwezi kubeba zaidi ya laki mbili atalazimika kurudi kwenye kadi au uhamisho wa benki kwa benki, pamoja na makato yake yote. India imewekeza nguvu nyingi kuwavuta wagonjwa kutoka nje, na kuwaacha wagonjwa haohao nje ya kanuni iliyotungwa kwa ajili ya hospitali ni uzembe wa utungaji ambao waraka mmoja ungeweza kuurekebisha. Wanafunzi wana nafuu zaidi, kwa kuwa wao huweza kufungua akaunti ya benki nchini humo na kupata namba ya simu ya huko, na wakishafanya hivyo hutumia UPI sawa na wenyeji. Mwezi Januari 2023 NPCI iliruhusu pia Wahindi waishio ng'ambo kutumia namba za simu za nchi 10, zikiwemo Oman, Qatar na Falme za Kiarabu. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwamo katika orodha hiyo, licha ya maelfu ya familia zenye asili ya Gujarat na Kutch zilizoko kwetu.

Huduma yoyote ya malipo hupimwa siku mambo yanapokwenda kombo, na hapa kanuni za India ni nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Waraka wa RBI wa Septemba 2019 unasema kwamba malipo yaliyokatwa katika akaunti bila kumfikia mpokeaji lazima yarudishwe yenyewe ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa UPI ni siku moja au chache baada ya muamala kulingana na aina yake, na kwamba baada ya muda huo kupita mteja anastahili fidia ya rupia 100 kwa kila siku ya kuchelewa hata kama hajalalamika. Kiasi ni kidogo, lakini kinahamisha mzigo: benki ndiyo inayopoteza kwa kuchelewa. Ningependa kuona kanuni kama hiyo ikibandikwa kwenye kila kibanda cha wakala kuanzia Kariakoo hadi Goma.

Kuhusu wizi, waraka wa Julai 2017 unamwondolea mteja hasara yote ikiwa muamala haukuidhinishwa naye, udhaifu ulitoka kwingine katika mfumo, na akatoa taarifa ndani ya siku tatu za kazi. Akichelewa hadi siku ya saba, hasara yake ina kikomo. Benki inatakiwa kurudisha fedha hizo kwa muda ndani ya siku 10 za kazi, na mzigo wa kuthibitisha kwamba mteja ndiye aliyekosea uko juu ya benki. Kanuni kama hiyo iliongezwa Januari 2019 kwa pochi zisizo za benki. Mahakama ya Juu ya India iliipa nguvu Januari 2025 ilipokataa rufaa ya State Bank of India na kuacha amri ya kumrudishia mteja zaidi ya rupia 94,000. Tapeli alikuwa amejifanya mhudumu wa duka la mtandaoni na kumshawishi aweke programu kwenye simu, naye aliiarifu benki ndani ya saa 24. Mahakama ilieleza kwamba benki zenye teknolojia ya kisasa haziwezi kujivua wajibu wa kugundua na kuzuia miamala ya namna hiyo.

Tatizo ni kwamba tapeli mwerevu hana haja ya kuvunja mfumo. Humpigia mtu simu akijifanya polisi au afisa forodha, humtisha, na mwenye akaunti huandika namba ya siri kwa mkono wake mwenyewe. Kisheria muamala huo umeidhinishwa, na ngao ya mwaka 2017 haimfuniki vizuri. Utapeli unaoitwa "ukamataji wa kidijitali", ambapo mtu huwekwa mbele ya kamera kwa saa nyingi akiamini yuko chini ya ulinzi wa dola, ulikithiri kiasi kwamba mwezi Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ililichukua suala hilo kwa hiari yake. NPCI nayo ilichukua hatua moja ninayoisifu: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 iliondoa uwezo wa mtu binafsi kumtumia mwenzake ombi la kulipwa, njia ambayo matapeli waliitumia kuwafanya watu waidhinishe malipo huku wakidhani wanapokea zawadi. Mgeni na akumbuke jambo moja: katika UPI namba ya siri huandikwa wakati wa kutoa fedha, na yeyote anayemtaka aiandike ili apokee fedha ni mwizi. Namba ya kuripoti ni 1930, na malalamiko ambayo benki haikuyajibu ndani ya siku 30 hupelekwa bila malipo kwa Msuluhishi wa RBI chini ya mpango ulioanzishwa Novemba 2021.

Suala lililonifanya niisome UPI kwa makini zaidi lilitokea Karnataka mwezi Julai 2025. Idara ya kodi ya jimbo hilo ilikusanya takwimu za malipo ya UPI za miaka minne ya fedha, kuanzia 2021/22, ikawatafuta wauzaji ambao mapokezi yao yalizidi kizingiti cha kujiandikisha kwa kodi ya bidhaa na huduma, yaani rupia laki 40 kwa mwaka kwa bidhaa na laki 20 kwa huduma, kisha ikawaandikia barua za madai. Waliopokea barua hizo walikuwa wauza chai, mkate, maziwa na mboga wa Bengaluru na miji mingine. Baadhi yao waliuza vitu ambavyo havitozwi kodi hiyo kabisa. Wengine walieleza kwamba fedha zilizoonekana katika akaunti zilijumuisha mikopo ya ndugu na michango ya familia, kwa kuwa mwenye kibanda hana akaunti mbili, ya nyumbani na ya biashara. Katika siku chache vibao vya QR vilianza kung'olewa katika mitaa ya jiji linalojivunia teknolojia kuliko jiji lolote la India, na mahali pake pakabandikwa karatasi zilizoandikwa kwamba hapa tunapokea noti tu.

Kisheria idara haikuwa imekosea kwenye msingi: anayevuka kizingiti anatakiwa kujiandikisha, na UPI ilikuwa imeacha alama ambazo noti haziachi. Kosa lilikuwa kuchukulia kila rupia iliyoingia katika akaunti kuwa mauzo, na kudai ya miaka ya nyuma kwa mkupuo kutoka kwa watu ambao serikali yenyewe ilikuwa imewahimiza kwa matangazo waingie katika mfumo. Baada ya wafanyabiashara kutishia mgomo, Waziri Mkuu wa jimbo, Siddaramaiah, alitangaza tarehe 23 Julai kwamba madai ya nyuma hayatafuatiliwa ilimradi wahusika wajiandikishe kwa siku zijazo. Wafanyabiashara wa Kariakoo, ambao wamewahi kufunga maduka kwa ajili ya kodi, hawahitaji kuelezwa maana ya hali hiyo. Kwa mteja wa kawaida, tukio hilo ni onyo kwamba upatikanaji wa huduma hii unategemea imani ya muuzaji. Siku muuzaji atakapoona kwamba msimbo ule unamshtaki, ataukunja.

Imani hiyohiyo hutikiswa na ufungaji wa akaunti. Fedha za wizi zikipita katika akaunti kadhaa na sehemu yake ikatumika kununua simu au mchele, polisi wa jimbo la mbali wanaweza kuiamuru benki ya muuzaji izuie akaunti yake yote, ingawa yeye aliuza bidhaa kwa nia njema na kiasi kinachobishaniwa ni rupia chache. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Kerala iliamua kwamba zuio linapaswa kuishia kwenye kiasi kinachotajwa katika amri ya polisi, uamuzi wa busara ambao ungefaa kuwa kanuni ya nchi nzima. Muuzaji mdogo hana wakili wa kumtuma jimbo lingine kufuatilia faili, na mpaka afanikiwe hana mtaji wa kesho asubuhi.

Kuhusu ushindani nitasema kwa ufupi. PhonePe na Google Pay kwa pamoja hushika takriban asilimia 80 ya miamala yote. Mwezi Novemba 2020 NPCI ilitangaza kwamba hakuna programu itakayoruhusiwa kuzidi asilimia 30, lakini utekelezaji kwa kampuni zilizokwisha kuvuka umesogezwa mbele mara zaidi ya moja, na tarehe ya mwisho iliyotolewa ni 31 Desemba 2026. Sioni jinsi kikomo hicho kitakavyotekelezwa bila kuwafukuza wateja kutoka programu wanayoipenda, na nadhani NPCI nayo haioni. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba uamuzi mzito kiasi hicho hutolewa kwa waraka wa kampuni inayomilikiwa na benki. Bodi mpya ya Usimamizi wa Malipo iliyoanza Mei 2025 ndani ya RBI, yenye wajumbe sita ambao watatu huteuliwa na Serikali Kuu, ndiyo ingefaa kulibeba suala hili waziwazi.

Faragha nayo ina historia ndefu ya kimahakama na ulinzi mfupi wa vitendo. Tarehe 24 Agosti 2017 majaji tisa wa Mahakama ya Juu, katika kesi ya Puttaswamy, waliamua kwa kauli moja kwamba faragha ni haki ya kikatiba. Aprili 2018 RBI iliagiza takwimu za malipo zihifadhiwe ndani ya India. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa Agosti 2023, ikiweka adhabu ya hadi rupia bilioni 2.5, lakini kanuni zake zilitoka Novemba 2025 tu, na wajibu mkubwa wa kampuni utaanza miezi 18 baadaye. Hadi hapo, mtu anayelipia dawa za ugonjwa asioutaja hata kwa nduguye anaacha kumbukumbu za jina la duka, saa na kiasi kwa kampuni ambayo, kama nilivyosema, hairuhusiwi kupata fedha kutokana na malipo hayo. Raia wa Kenya na Tanzania, ambao nchi zao tayari zina sheria za ulinzi wa taarifa, wasidhani kwamba ulinzi huo unawafuata hadi Chennai.

Uthabiti wa mitambo ni mzuri, ila haukamiliki. Machi na Aprili 2025 huduma ilikatika nchi nzima zaidi ya mara moja, ikiwemo tarehe 26 Machi na 12 Aprili, na kuanzia Agosti NPCI iliweka kikomo cha kuangalia salio mara 50 kwa siku katika kila programu ili kupunguza mzigo. Anayeangalia salio mara 51 kwa siku ana matatizo ambayo UPI haiwezi kumtatulia.

Kwa mwenye akaunti ya benki ya India ninaipa UPI nyota nne na nusu kati ya tano, nikipunguza nusu kwa sababu ya muuza mboga wa Karnataka na muuzaji aliyefungiwa akaunti. Kwa mgeni mwenye pochi ya UPI One World ninaipa tatu. Inafaa kwa chakula, dawa, maduka na tiketi, na inamwepusha mtu na kutembea na bulungutu la noti asizozijua vizuri. Anayekwenda kwa matibabu aipange bili kubwa ya hospitali kwa uhamisho wa benki kabla ya safari, aichukue pochi kwenye kaunta ya uwanja wa ndege akiwa na pasipoti na viza mkononi, aulize kiwango cha ubadilishaji kabla ya kukubali, aingize kidogo kidogo kulingana na mahitaji ya siku chache, na abaki na noti za rupia 10, 20, 50 na 100 kwa ajili ya bajaji na watu binafsi. Salio lililobaki mwisho wa safari hurudishwa kule lilikotoka, kwa hiyo aliyeingiza fedha kwa kadi asiifute kadi hiyo kabla hajaona zimerudi.